Kigong'ota wa shambani kwangu anahamia wapi mvua zikianza?

Salfa_na_Jembe (Nachingwea), 3 Novemba

Habari zenu wadau, shikamooni wakubwa. Nina swali ambalo wengine mtaliona la kitoto ila limenikaa kichwani mwaka wa tatu huu, na safari hii limekuja na mambo ya hela ndani yake kwa hiyo naombeni msinicheke kwanza.

Nina shamba la mikorosho huku Nachingwea, nimeachiwa na marehemu mzee. Upande wa juu ni mikorosho ya zamani, upande wa chini kuelekea bondeni kimebaki kipande cha pori, mitondoro, mininga miwili mitatu, na mikongo mitatu iliyokufa ikiwa imesimama, mikavu kabisa, magamba yameshabanduka. Sasa kila mwaka kuanzia mwezi wa saba hivi, tukiwa kwenye kupulizia salfa, alfajiri kabla hata hatujawasha mashine kuna kigong'ota anaanza kazi kwenye ule mkongo mkubwa. Na sio ule ugongaji wa kutafuta wadudu ko-ko umeisha, hapana, huyu anapiga ngoma kabisa, trrrrrrrr mfululizo halafu mwishoni anapunguza, ko... ko... ko... kama pikipiki inayoishiwa mafuta. Unamsikia mpaka barabarani. Mwezi wa nane yupo, wa tisa yupo, wa kumi tunaokota korosho yeye yupo, afu mvua za kwanza zikishapiga tu kimyaaa. Desemba, Januari, Februari humsikii hata kwa bahati mbaya. Mwezi wa saba unaofuata huyo, kwenye tawi lile lile.

Jirani yangu anasema huyo ni wa Msumbiji, anavuka Ruvuma kiangazi kuja kutafuta chakula mvua zikinyesha anarudi kwao. Mi nimemkubalia tu maana sina cha kumpinga.

Hela zinaingia hivi. Kuna jamaa wa mkaa ameiona ile mikongo, ananipa elfu sitini kwa yote mitatu anakuja na msumeno wake mwenyewe mi sigusi kitu. Mama watoto anasema chukua, Januari kuna ada. Na kuna bwana mmoja wa mambo ya kilimo alipita huku aliniambia miti mikavu shambani ni uchafu tu na huyo ndege ndo anatoboa mikorosho. So nauliza, kwanza huyu ndege anaenda wapi kweli? Pili nikikata hiyo mikongo mwakani atarudi au ndo basi? Na hilo la kutoboa mikorosho lina ukweli? Nikisema ukweli nimemzoea, siku asipopiga naona kama nimechelewa kuamka.

Ntwara_Kuchele

Anaenda kusubiri malipo ya korosho kama sisi wengine 😂😂 hela zikisoma utamsikia tena

Komba_wa_Rondo

Mkuu hapo juu achana na huyo mtani, swali lako ni zuri na nimelisikia sana kwa watu nikiwa natembeza wageni wanaokuja kuangalia ndege kwenye misitu ya Rondo na Litipo huku Lindi. Jibu fupi: haendi popote. Yupo hapo hapo bondeni kwako Desemba, Januari, mwaka mzima.

Jibu refu sasa kaa vizuri. Vigong'ota wa kwetu huku kusini ni wakazi. Jozi moja, dume na jike, wana eneo lao wanalolijua mti kwa mti na wanalilinda mwaka mzima. Unachokisikia wewe kuanzia mwezi wa saba sio kula, ni kutangaza. Ndege wengine wanaimba, huyu hana sauti ya maana ya kuimbia kwa hiyo anachagua tawi kavu lenye mlio mzuri anapiga, anamwambia jirani yake hapa kwangu usikanyage, na anamwambia mwenzie nipo. Wanazaa kiangazi, ndo maana kelele zote ziko kuanzia hapo mpaka karibu na mvua. Vifaranga wakishatoka hana sababu ya kutangaza tena ananyamaza. Halafu ongeza na hili, kiangazi mtondoro umepukutisha, unaona kila kitu mpaka sisimizi, mvua zikipiga pori linafunga majani kwa wiki mbili tatu na ndege mwenye rangi ya gamba la mti unampita anakuangalia tu. Kwa hiyo wewe umepoteza sauti na umepoteza macho kwa wakati mmoja ukaona amehama.

Jirani yako nae simlaumu sana maana wanaohama kweli wanapishana nae. Angalia mwenyewe mwezi huu huu, mbayuwayu wamejaa kwenye nyaya, hao wametoka Ulaya. Keremkerem wanaopita juu kwa makundi wakipiga filimbi, wengi nao wametoka huko. Na kuna yule ndege mfupi wa chini kwa chini, mgongo kijani tumbo jekundu, anaingia kusini na mvua za kwanza kuja kuzaa kwenye vichaka vizito na anasafiri usiku, watu wanamuokota asubuhi amegonga taa au ukuta wakidhani ni wa maajabu. Sasa mtu akiona wote hao wanaingia wakati kigong'ota ananyamaza anajumlisha tu.

Ila duniani vigong'ota wanaohama wapo, usije ukabishana ukaaibika. Kuna mmoja Amerika ya Kaskazini anatoboa vishimo vilivyojipanga mstari kama vya cherehani kwenye mti afu anakunywa utomvu, huyo anazaa Kanada na kaskazini mwa Marekani, baridi ikija anashuka mpaka Panama na visiwa vya Karibi, na majike wanashuka mbali zaidi kuliko madume. Ulaya kuna ndugu yao mdogo mwenye rangi ya gamba, ukimshika anazungusha shingo kama nyoka, huyo anavuka Sahara kabisa anakuja kukaa ukanda wa kuanzia Senegal mpaka Ethiopia. Na kuna wengine hawana ratiba, wanafuata chakula, mwaka ambao misonobari haikuzaa huko kaskazini ya Ulaya wanamiminika kusini kwa maelfu, mwaka ukiwa mzuri hawatoki. Kwa hiyo mwenye baridi kali au chakula cha msimu anahama, mwenye wadudu ndani ya mti mwaka mzima ahame kwenda wapi? Funza aliye ndani ya gogo hajui kama nje ni kiangazi.

Sasa huyo wako ni nani. Ulivyomuelezea ule mwisho wa kupunguza, trrrr halafu ko ko ko, nakaribia kuweka dau ni yule mkubwa, wataalamu wanamwita Dendropicos namaquus, mwenye ndevu. Mwangalie uso, ni mweupe na mabaka meusi shavuni na chini ya mdomo, dume ana nyekundu kisogoni. Yule mdogo anayeonekana sana kwenye mikorosho, saizi ya shorewanda au chini yake, anapiga kidogo kidogo sauti haifiki barabarani. Na nyie wa huko mna bahati nyingine, kwenye miombo ya kusini kuna mwingine anaitwa Dendropicos stierlingi, anapatikana kusini mwa Tanzania, kaskazini mwa Msumbiji na Malawi basi, dunia nzima hayupo kwingine. Wazungu wanapanda ndege mbili tatu kuja kumtafuta na wengine wanarudi hawajamwona.

Hiyo mikongo usikate. Nitarudi nikuambie kwa nini, natafuta chaji.

Babu_Bwiriunga (Newala)

Mimi nitasema tofauti na msinivamie. Hawa ndege mnaowapamba hapa kwangu wameharibu mikorosho minne, mti unaanza na vitundu, unatoa gundi nyeusi, majani yanakuwa njano, mwaka wa pili umekufa. Nimemkuta mwenyewe kwa macho yangu amening'inia kwenye shina anatoboa. Sasa mnataka nimpigie makofi? Kijana kata hiyo miti, chukua elfu sitini yako lipa ada.

Komba_wa_Rondo

Shikamoo mzee wangu. Sikuvamii, ila naomba nikuulize kitu kimoja, ile gundi nyeusi ilianza kabla ya ndege au baada? Na pale chini ya gundi kulikuwa na unga unga kama wa mbao?

Babu_Bwiriunga

Marahaba. Unga ulikuwepo. Gundi sikumbuki ipi ilianza.

Komba_wa_Rondo

Basi mzee huyo sio ndege, ni bungua shina. Kuna mbawakavu wa kijivu mwenye mabonge bonge mgongoni kama kipande cha gamba, hata ukimshika hujui kama ni mdudu, anataga kwenye magamba ya mkorosho, funza anaingia chini ya gamba anakula akizunguka, mti unakatika mishipa ya chakula. Ukibandua gamba kwa kisu pale penye gundi unamkuta, mweupe mnene amejikunja kama herufi C, kichwa cha kahawia. Huyo ndo kaua mikorosho yako. Kigong'ota alikuja kwa sababu alimsikia. Anagonga kidogo anasikiliza, akijua kuna uwazi ndani anatoboa, anaingiza ulimi wake ambao ni mrefu mpaka mifupa yake inazunguka nyuma ya fuvu, na nchani una vimiba. Ulimkuta polisi eneo la tukio ukamshtaki yeye.

Ila mzee upo sahihi kwenye jambo moja na hapa nataka mwenye uzi asikie. MKOROSHO uliokufa kwa bungua usiuache umesimama. Huo ukate, bandua magamba, choma, maana funza waliobaki humo wanatoka wakiwa wadudu kamili wanahamia mti wa jirani. Wenzetu wa utafiti pale Naliendele wanasema hivyo hivyo miaka yote. Mkongo mkavu wa porini ni kesi nyingine kabisa, bungua wa mkorosho hana shughuli nao. Kwa hiyo yule bwana aliyekuambia miti mikavu yote ni uchafu kachanganya mafaili.

Afu lingine, ndugu zake huyu kigong'ota wenye mgongo wa kijani chakula chao kikubwa ni sisimizi wa mitini, wanakula mpaka wale sisimizi tunaowaita maji moto. Sasa maji moto ndo wanaotusaidia kufukuza mbu wa mikorosho, wale wadudu wanaofyonza machipukizi, kwa hiyo hapo ukitaka kumlaumu ndege una hoja ndogo, anakula askari wako. Lakini kundi la maji moto lina maelfu, hajawahi kulimaliza.

Babu_Bwiriunga

Sawa. Nitabandua nione.

Mrina_wa_Masasi

Mmesahau mtu muhimu hapa. Mimi ni Myao, babu alikuwa anarina asali na mimi narina, nataka niwaambie bila kigong'ota hakuna mlembe na bila mlembe mi sina kazi.

Mlembe ndo yule ndege anayekuita porini chek-chek-chek-chek mpaka kwenye nyuki, unarina, yeye anakula nta. Sasa huyo mlembe pamoja na wema wake wote ni ndege mjanja mno, hajengi kiota. Anataga kwenye shimo la mwingine na mmoja wa anaowaonea ni kigong'ota. Na kifaranga chake, jamani, anazaliwa kipofu hana hata unyoya lakini mdomoni ana ndoano mbili, anawauma vifaranga wa mwenye nyumba mpaka wanakufa, anabaki yeye peke yake analishwa. Ndoano zinakuja kudondoka baadae. Ukimuona mkubwa anavyokuita kwa adabu huwezi amini alianza maisha hivyo.

Kuna watafiti walikwenda ng'ambo ya Ruvuma, hifadhi ya Niassa, kwa Wayao wenzetu wa Msumbiji, matokeo yakatoka 2016. Huko warina wanamuita mlembe kwa mlio wa brrrrr-hm. Wakapima, ukitembea ukipiga huo mlio uwezekano wa kuongozwa unapanda kutoka asilimia 33 mpaka 66, na uwezekano wa kuonyeshwa nyuki kwa jumla kutoka 16 mpaka 54, ukilinganisha na kelele nyingine. Sisi hatukuhitaji kupimiwa lakini nilifurahi, nilimsomea mzee akasema hao watoto wamesoma mpaka wapi ndo wamejua hilo.

Ninachotaka kusema, kigong'ota anatoboa shimo jipya karibu kila akitaka kuzaa. La zamani analiacha. Hilo la zamani usidhani linakaa tupu. Nimekuta humo kwezi, nimekuta komba wamelala mchana wamekumbatiana, bundi wale wadogo, nyoka nimekuta mara moja nikashuka mti bila kushika tawi, na nyuki nimekuta mara nyingi. Yeye fundi, wengine wote wapangaji wasiolipa. Ukikata mti wenye mashimo unavunja mtaa mzima. Elfu sitini kwa mikongo mitatu unaibiwa hata kwa bei ya mkaa.

Salfa_na_Jembe

Asanteni sana yani nimejifunza kuliko darasani. Lakini jamani naomba niulize la kijinga, je siwezi kukata afu nikamtengenezea kibox cha mbao nikatundika kwenye mwembe? Kama mizinga vile? Maana ada ni ada.

Komba_wa_Rondo

Unaweza kumtundikia ila hatakuja, au niseme atakuja mwingine, kwezi watakushukuru. Kigong'ota kutoboa ni sehemu ya uchumba, jozi inatoboa pamoja wiki kadhaa, ukimpa nyumba iliyokwisha ni kama kumpa bwana harusi pilau iliyopoa.

Marekani kuna sehemu walifaulu, lakini sikiliza kilichowapeleka huko. Wana kigong'ota mmoja wa misitu ya misonobari ya kusini mashariki, yeye anataka msonobari ulio HAI tena mzee, miaka 80 na zaidi, ule wenye kuvu ndani umelainika moyo, na kutoboa shimo moja kunaweza kumchukua mwaka au miaka. Walikata misitu yote ya zamani wakapanda miti michanga ya mbao. Mwaka 1970 wakamuandika kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Afu Septemba 1989 kimbunga Hugo kikapiga msitu wa South Carolina kikaangusha miti mingi sana yenye mashimo kwa usiku mmoja. Hapo ndo wakaanza kukata nafasi kwenye misonobari hai na kuchomeka vibox vya mbao ndani ya shina, ndege wakakubali. Wakachoma nyasi kwa mpangilio, wakahamisha wengine, wakasubiri. Mwaka 2024 wamemshusha daraja moja la hatari. Miaka zaidi ya 50 na mahela yasiyohesabika kurudisha kitu ambacho wewe unacho bondeni bila kulipa hata mia. Kuacha mti usimame ni bure kabisa.

Kamati_Kilwa

Habari zenu, naomba niingie mimi dada yenu wa Kilwa, nipo kwenye kamati ya maliasili ya kijiji, mtanisamehe kama nitaongea kama mkutano.

Kaka mwenye uzi kwanza kabla ya ndege, mkaa wa biashara una kibali hata kama mti uko shambani kwako, na kuusafirisha una hati. Huyo jamaa ukimuuliza kibali kiko wapi utamuona anavyoanza kuangalia simu. Msumeno ukilia bondeni kwako na mkaa ukakamatwa njiani atakayetajwa ni wewe.

La pili mnalaumu mkaa tu, mkaa nao ni shida lakini huku kwetu Lindi kinachomaliza pori kwa kasi ni ufuta. Mtu anafyeka ekari tano za miombo, anachoma, analima miaka miwili mitatu magugu yakimzidi anahamia mbele anafyeka nyingine. Simsemi mtu vibaya na mimi nalima ufuta, ufuta ndo umejenga nyumba za bati huku. Lakini ukisimama kwenye shamba la ufuta la mwaka wa kwanza utaona visiki vyeusi vimesimama, mwaka ule vigong'ota wanajaa maana kuna wadudu wa mti uliofia moto, unasema hee mbona ndege wameongezeka. Mwaka wa tatu visiki vimeanguka na ndege hakuna. Ndo pale mtu anasema wamehama. Hawajahama, wameishiwa. Ndege mwenye eneo lake akifyekewa anaenda wapi na upande wa pili kuna mwenye eneo lake na anampiga?

Tulichofanya sisi, vijiji kadhaa vya Kilwa vilitenga misitu ya kijiji chini ya sheria ya misitu ya 2002, tukasaidiwa na shirika la MCDI, 2009 tukapata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha kuthibitisha msitu unavunwa vizuri, na mpingo tunavuna kwa mpango, hela inaingia kijijini tumejenga vyumba vya madarasa na zahanati. Kwenye doria zile tulikuja kujifunza kitu kuhusu moto. Moto wa mwezi wa tisa wa kumi, nyasi zimekauka kabisa, ule unapanda mpaka kwenye mti mkavu unauwasha unateketea kama mshumaa siku tatu, na ndani kuna vifaranga. Sasa tunachoma mapema, mwezi wa tano wa sita, nyasi bado zina unyevu, moto unatambaa chini unajifia wenyewe jioni. Mti mkavu unapona. Kwa hiyo kaka hata usipokata, kama bonde lako linawaka kila Oktoba hiyo mikongo haitafika miaka mitano. Safisha nyasi chini yake kwa upana wa hatua tano sita, kazi ya nusu siku. Na wachimba ming'oko, vile viazi vya porini, waombe wazime viporo vyao vya moto, wale mama zetu nawapenda ila wanaacha vijinga vinafuka.

Ntwara_Kuchele

Sasa hapa nimeacha utani. Kumbe hii Nachingwea si ndo walifyeka ile miombo ya mpango wa karanga wa Waingereza? 1947 mpaka 1951, matrekta mawili yanavuta mnyororo wa meli katikati miti inalala yenyewe. Reli wakajenga kutoka Mtwara kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja. Babu alifanya kazi pale alikuwa anasema waliondoka wao tukabaki na vichuguu.

Mrina_wa_Masasi

Ndo hiyo hiyo. Na vigong'ota hao hao wa Salfa labda ni wajukuu wa walioponea kwenye mabonde trekta lilipokwama. Mabonde ndo yanatuokoa siku zote.

Salfa_na_Jembe

Wakuu nimemwambia jamaa wa mkaa aniletee kibali kwanza. Kweli ameanza kuangalia simu. Kasema atarudi. Tusubiri.

Salfa_na_Jembe, 26 Januari

Nimerudi na mrejesho, samahanini nilikuwa kimya mambo ya korosho na msiba.

Kwanza habari mbaya. Nilienda Lindi mjini siku nne kwenye msiba wa shangazi, nyuma yangu mdogo wangu kauza mkongo mmoja, ule wa katikati. Elfu kumi na tano. Nimekuta kisiki na maganda ya ndizi. Tumegombana wee mpaka mama kaingilia. Kwenye vipande vilivyobaki kulikuwa na tawi lenye shimo, mdomo wake wa duara kabisa kama umepimwa, nimeingiza mkono, ndani linashuka chini urefu wa kiganja na zaidi, laini kama mtu kapiga msasa, chini kuna chembe chembe za mbao basi hakuna majani wala manyoya. Nimeliweka nyumbani watoto wanachezea.

Habari nzuri sasa. Komba ulisema hahami nikasema ngoja. Wiki iliyopita mvua ilikata siku mbili, nikaenda bondeni saa kumi na mbili na nusu bila jembe bila chochote nikakaa chini ya mwembe. Dakika kumi hakuna kitu. Ishirini mbu wananimaliza. Nikasikia ko... ko... kwa chini chini kama mtu anabisha hodi hataki kusumbua, nageuka, yupo. Kwenye mkorosho wangu mwenyewe, tawi kavu ambalo sijapogolea. Uso mweupe na mabaka meusi kama ulivyosema, nyekundu nyuma ya kichwa. Na pembeni yake mwingine, na mwingine wa tatu rangi zake zimefifia fifia, anamfuata yule mkubwa tawi kwa tawi anapiga kelele, mkubwa akatoa funza mnene akamtumbukizia mdomoni. Nikajikuta nimesimama. Wakaruka bondeni. Miezi yote niliyosema kimya walikuwa wanapita kichwani kwangu.

Ile mikongo miwili iliyobaki nimefyeka chini yake hatua sita kama dada wa Kilwa alivyosema. Babu wa Newala vipi ulibandua?

Babu_Bwiriunga

Nilibandua. Nimewatoa saba kwenye mti mmoja. Weupe, wamejikunja kama ulivyoambiwa. Kuku wamewala.

Kamati_Kilwa

Pole na msiba kaka. Na jamaa wa mkaa harudi?

Salfa_na_Jembe

Alirudi juzi, bila kibali lakini na msumeno. Kaenda moja kwa moja kwenye mkongo mkubwa. Sikujua na mimi kwamba lile shimo la juu la zamani wameingia nyuki. Alivyopiga tu lile shina na nyuma ya panga kusikiliza kama lina uwazi ndani, mzee alikimbia mpaka kapotelea kwenye mihogo ya jirani, kandambili moja bado ninayo hapa.

Mrina_wa_Masasi

Mjukuu wangu usiguse hao nyuki mpaka mwezi wa sita. Nakuja mwenyewe na moshi. Kandambili mtunzie, ataifuata asali itakapoiva.